Sura ya Sita: Sungura wa Kilo Saba

Mwingize sungura wa kilo saba katika nyumba yoyote ya Hirbadaw, wilayani Hanang, na kabla mgeni hajamaliza kikombe chake cha chai atauliza: "Sasa huyu mnamchinja lini?" Haulizi kwa ubaya. Hanang na Mbulu ni nchi ya wafugaji, na kwa mfugaji mnyama ana kazi. Ng'ombe anatoa maziwa na samadi, na ndiye akiba ya ada ya shule. Punda anabeba maji na magunia. Mbwa anafuatana na wachungaji mchana na kubweka usiku. Paka anamaliza panya. Sungura mkubwa kiasi kile, aliyejinyoosha juu ya gunia karibu na kochi, mgeni akimpigia hesabu haoni zaidi ya kitoweo cha siku mbili.

Swali hilo ndilo la kwanza kwa kila familia inayotaka kufuga sungura mkubwa ndani ya nyumba, na ndilo wengi wanalolikwepa. Wanauliza rangi. Wanauliza bei. Wanauliza kama kweli masikio yanafika sentimita kumi na tano. Sungura akishafika nyumbani watoto wanampa jina siku hiyo hiyo, halafu Krismasi inakaribia, na baba anaanza kumtazama kwa jicho lingine.

Kulala na mnyama chini ya paa moja si jambo geni huku. Nyumba ya asili ya Wairaqw, tembe la udongo lililojengwa kwa kuegemea mteremko au kuchimbiwa ardhini, ilikuwa na upande wa watu na upande wa mifugo. Joto la ng'ombe lilisaidia usiku wa Juni, na mlango mmoja uliwakinga wote dhidi ya fisi na wezi. Tangu Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, na kadiri bati, matofali na saruji vilivyoenea, mifugo imehamia zizini na bandani, na nyumba imebaki ya watu. Kwa hiyo mzee anayeshangaa sungura sebuleni hashangai kwamba mnyama yumo ndani. Anashangaa kwamba aliyemo ndani hakamuliwi, habebi mzigo, halindi, wala haliwi.

Na mzee ana hoja, kwa maana sungura wakubwa walitengenezwa na watu kwa ajili ya nyama na ngozi. Maarufu kuliko wote ni Flemish Giant, aliyetokana na wafugaji wa eneo la Ghent nchini Ubelgiji. Kanuni za kwanza za kumhukumu kwenye maonyesho ziliandikwa mwaka 1893. Marekani, chama cha wafugaji wake kiliundwa mwaka 1915, na hadi leo kanuni za maonyesho ya huko zinadai dume lililokomaa lifikishe angalau kilo 5.9 na jike kilo 6.3. Kikomo cha juu hakuna. Aina nyingine za Ulaya zimezidi hapo: tarehe 6 Aprili 2010 sungura wa Uingereza aitwaye Darius alipimwa na kukutwa na urefu wa sentimita 129, yaani kimo cha mtoto wa darasa la pili. Usiku mmoja wa Aprili 2021 Darius aliibwa bandani kwake katika jimbo la Worcestershire. Kule nako, kumbe, banda lisilo na kufuli ni banda la mwizi.

Kisa kinachonisaidia zaidi kufikiri juu ya jambo hili ni cha Karl Szmolinsky, mstaafu wa Eberswalde, mashariki mwa Ujerumani. Alifuga majitu ya kijivu ya Kijerumani, na picha yake akiwa amembeba Robert, sungura wa kilo 10.5, ilizagaa magazetini. Wakorea Kaskazini wakaiona. Wakaja wakanunua sungura 12, wakieleza kwamba wanataka kuanzisha ufugaji wa kusaidia watu wenye njaa. Szmolinsky alikuwa aende kuwashauri mwaka 2007, lakini safari ikafutwa. Mwenyewe aliamini kwamba sungura wake walikwisha kuliwa kwenye karamu ya siku ya kuzaliwa ya Kim Jong Il. Wakorea walikana. Ukweli uwe ulivyo, mzee wa Eberswalde aliuza wanyama aliowajua kwa majina kwa watu waliowahesabu kwa kilo, na kila upande ulidhani umeeleweka.

Kosa hilo hilo linatokea ndani ya nyumba moja, kati ya baba na binti yake wa darasa la tatu. Ndiyo maana nasema uamuzi utangulie jina. Wakae baba, mama, bibi na watoto, waseme wazi: huyu haliwi, hauzwi, atakufa kwa uzee wake na atazikwa. Kama bibi anaguna, guno lisikilizwe siku hiyo, si baada ya mwaka. Kwa familia za Wasabato jambo ni jepesi, kwani kitabu cha Walawi sura ya 11 kimekwisha kumtoa sungura mezani. Kwa wengine wote lazima lisemwe. Na anayetaka vyote viwili, kipenzi leo na nyama kesho, ajue kwamba hata kwa nyama jitu si chaguo la kwanza. Wafugaji wa biashara hupendelea aina za kati kama New Zealand White na California, kwa sababu jitu hukua polepole, hula sana, na sehemu kubwa ya uzito wake ni mifupa.

Tuseme basi nyumba imekubaliana. Kazi inayofuata ni kumpata, na hapo kuna ujanja mwingi kuliko wa sungura wa hadithi.

Afrika Mashariki jina la Flemish Giant limekuwa chambo cha biashara. Kenya ina kituo cha serikali cha kuzalisha sungura huko Ngong, karibu na Nairobi, na wafugaji wengi wa kanda hii wanaojali ukoo wa wanyama wao hukitaja. Tanzania, mbegu imepita mikono mingi, na sungura yeyote mwenye masikio marefu anaweza kuuzwa kwa jina hilo. Machotara hao si wabaya. Mara nyingi ni wagumu na watulivu, na kwa kipenzi cha nyumbani hiyo inatosha. Ubaya ni kulipa bei ya jitu ukapewa sungura wa kilo nne. Dawa yake ni moja: omba kuwaona wazazi, na waweke kwenye mizani mbele yako. Muuzaji anayesema wazazi wako shamba la mbali, mwage kwa heri. Mtoto mwenyewe hawezi kukupa jibu, kwani Flemish Giant huendelea kukua hadi karibu mwaka mmoja na nusu.

Ukiwa pale bandani, usianze na uso, kwani uso wa sungura unapendeza hata akiwa mgonjwa. Shika miguu ya mbele, igeuze, tazama manyoya ya upande wa ndani. Sungura mwenye mafua hujifuta pua kwa mikono, kwa hiyo manyoya hayo huwa yameshikana na kukauka kama yaliyopakwa uji. Mafua ya sungura si mafua ya kwako, yakimkaa yanaweza kuingia mapafuni. Kisha angalia ndani ya sikio: magamba ya kahawia yaliyorundikana ni utitiri. Fungua midomo uone meno ya mbele kama yanakutana vizuri, kwa sababu meno ya sungura hukua maisha yake yote, na yakipishana hayasagiki, yanapinda hadi mnyama anashindwa kula. Malizia na nyayo za nyuma. Ngozi iwe imefunikwa na manyoya mazito. Ukiona kipara chekundu au kidonda, huyo amekalia waya, na uzito wake umemuumiza. Nyayo ndipo mahali dhaifu pa majitu yote. Na asiwe chini ya wiki nane, hata kama muuzaji anasema ameshaacha kunyonya.

Muuzaji akikukabidhi sungura kwa kumshika masikio, kama ilivyo kawaida minadani, mkataze. Mkono mmoja upite chini ya kifua, wa pili ubebe makalio, na mwili wote uegemee kifuani kwako. Mgongo wa sungura ni mwepesi na misuli ya miguu yake ya nyuma ina nguvu kupita kiasi. Akirusha teke akiwa ananing'inia anaweza kuvunja uti wa mgongo wake mwenyewe. Hii pia ndiyo sababu watoto wadogo hawaruhusiwi kumbeba kabisa. Sungura mkubwa ana sifa ya upole, na sifa hiyo ni ya kweli, lakini ni upole wa aliyekaa chini. Mtoto akae sakafuni, sungura amjie. Atamlamba mkono, atamsugulia kidevu magotini kuacha harufu yake, na akiridhika atasaga meno taratibu, sauti unayoisikia ukiweka sikio karibu. Akisaga kwa nguvu huku amejikunyata, hayo ni maumivu. Akipiga mguu wa nyuma sakafuni, puu, ameogopa kitu, na mara nyingi kitu hicho kipo.

Neno moja kwa watoto wanaodhani wanaweza kuokota wa bure shambani. Yule wa porini ni mnyama mwingine, anazaliwa na manyoya na macho wazi, na akifungiwa mara nyingi hufa kwa hofu. Wa kufugwa asili yake ni Hispania na Ureno, anazaliwa uchi na kipofu shimoni, na amekaa na binadamu kwa karne nyingi. Wa shambani aachwe shambani.

Sasa nije kwenye jambo linaloipa Hirbadaw nafasi ambayo Dar es Salaam haina. Sungura hatoki jasho. Joto la mwili wake hutokea masikioni, na ukilishika sikio mchana wa jua unaona mishipa imetuna na ngozi ina moto. Asubuhi ya Julai sikio lile lile ni baridi kabisa, na mwenyewe hana habari. Anastarehe kati ya nyuzi 10 na 20 hivi za Selsiasi, na karibu na 30 anaanza kuteseka, jitu likitangulia kwa sababu ya unene wa mwili na manyoya. Joto la Machi la pwani, lenye unyevu, ni adhabu kwake. Katika nyanda hizi zinazotazamana na Mlima Hanang, wenye kimo cha zaidi ya mita 3,400, ambako watu huvaa sweta nusu ya mwaka, hali ya hewa ni kama imepimwa kwa ajili yake. Hatari inabaki kwenye chumba cha bati kisicho na dari, saa nane mchana mwezi Oktoba. Hapo chumba kinawaka kama tanuri, na tembe la bibi ndilo linalobaki na ubaridi. Kwa suala hili bibi alijenga vizuri kuliko fundi wa mjini.

Ndani ya nyumba kuna mambo ya kupanga. Sakafu ya saruji iliyong'arishwa humtelezesha, naye akizoea kukaa na miguu imetanuka nyonga zinaharibika. Tandika magunia ya katani au mikeka mizito. Sakafu ya udongo ni rafiki wa nyayo, ila atachimba, na anachimba kwa bidii. Choo hajifunzi kwa viboko. Mtazame siku za kwanza amechagua kona ipi, weka hapo beseni pana lenye majani makavu ya ngano, na rundo la nyasi pembeni yake kwa sababu anapenda kula huku anajisaidia. Majani ya ngano si kitu cha kutafuta mbali katika wilaya iliyojulikana nchi nzima kwa mashamba makubwa yaliyoanzishwa kwa msaada wa Canada. Yatumike kama tandiko tu, si chakula. Kinyesi chake ni vidonge vikavu, unakipeleka moja kwa moja kwenye bustani.

Nyaya ni janga. Nyumba nyingi sasa zina sola, na waya mwembamba unaoshuka kutoka kwenye betri hadi taa ni kwake kama mzizi wa kutafunwa. Ukitaka kuendelea kuchaji simu, nyaya zote zipande juu kuliko atakapofika akisimama kwa miguu ya nyuma, na jitu likisimama linafika mbali. Jikoni pia asilale. Sungura hupumua kwa pua peke yake, na moshi wa kuni unaomtoa mama machozi unamjaza yeye mapafu. Kuhusu nafasi, shirika moja la ustawi wa sungura la Uingereza linapendekeza mita tatu kwa mbili, na kimo cha mita moja, kwa sungura wawili. Ni kipimo cha chini kwa sungura wa kawaida. Boksi chini ya meza si makazi.

Na maji. Wapo wanaoamini kwamba sungura hanywi maji kwa kuwa anakula majani. Anakunywa. Jitu la kilo saba likila nyasi kavu linaweza kumaliza nusu lita au zaidi kwa siku, na jike linalonyonyesha hunywa mengi kupita hapo. Panapotekwa maji kwa ndoo, kichwani au kwa punda, hilo ni dumu la ziada kila baada ya siku kadhaa, na ajulikane mapema nani atalileta.

Kuna suala la panya, na hili nalisisitiza kwa ajili ya Mbulu. Mwaka 2007 tauni ilizuka wilayani humo, ugonjwa unaobebwa na viroboto wa panya, na haikuwa mara ya kwanza. Sungura naye anapata tauni, na viroboto hawachagui manyoya. Pumba na mahindi yakiachwa kwenye bakuli usiku, panya watakuja kula, viroboto watabaki, na mtoto atalala ameegemeza shavu kwenye mgongo wa sungura. Chakula cha nafaka kiwe kwenye ndoo yenye mfuniko. Chana manyoya kila baada ya siku chache uone ngozi. Na usimpake wala kumpulizia dawa ya viroboto ya mbwa bila kuuliza: fipronili, iliyo salama kwa mbwa, inaua sungura. Ukiona panya wanakufa ovyo kijijini, mambo ya sungura yaweke pembeni, toa taarifa zahanati.

Nje ya nyumba maadui ni wale wale wanaowinda kuku: mbwa wa jirani, kicheche, nyoka. Siafu nao wakipita usiku hawabakizi kitu kilichofungiwa. Sungura wa kulala ndani amepona hao karibu wote, na hiyo ni hoja nzuri kuliko zote za kumleta ndani.

Chakula ni nyasi. Narudia kwa kuwa maduka na majirani watakuambia vingine: nyasi, mbichi na kavu, rundo linalolingana na mwili wake kila siku, na vingine vyote ni nyongeza. Utumbo wa sungura umetengenezwa kusukuma nyuzi ngumu bila kusimama. Usiku anatoa kinyesi cha aina ya pili, laini na kinachong'aa, anakichukua moja kwa moja kwa mdomo na kukila. Mtoto akiona ataona kinyaa, aelezwe kwamba ndipo vitamini zilipo, na kwamba sungura asiyekila ni mgonjwa au mnene mno kujifikia. Mahindi na pumba nyingi huchacha tumboni. Matembele, kishona nguo na majani ya karoti ni mazuri. Mazao yanayotajirisha mkoa huu, kwa bahati mbaya, kadhaa ni sumu kwake. Majani ya parachichi na tunda lenyewe, asipewe kamwe. Majani ya viazi mviringo, hapana. Vitunguu swaumu, ambavyo Mbulu inajivunia, pamoja na majani yake, hapana.

Nyasi mbichi ni rahisi Machi na Aprili. Mtihani unaanzia Julai, nchi ikikauka, na kufikia Septemba mchungaji anatembea nusu siku kutafuta malisho ya ng'ombe. Hakuna mtu mwenye akili atakayemkatia sungura nyasi wakati ndama ana njaa. Kwa hiyo hei ya sungura ikatwe mwishoni mwa mvua, nyasi zikianza kutoa maua, ikaushwe na kugeuzwa, ihifadhiwe juu ya kichanja mahali pakavu. Yenye ukungu itupwe. Familia ambayo haijawahi kukausha hei ijaribu msimu mmoja kabla ya kununua sungura. Ikiweza, ina nusu ya kazi mkononi.

Ugonjwa ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Sungura anaficha maumivu, na hawezi kutapika. Akikaa nusu siku bila kula wala kutoa vidonge, hiyo ni dharura, kwani utumbo uliosimama unamuua haraka. Maafisa mifugo wa kata wamefundishwa mengi na wana ng'ombe na mbuzi wasiohesabika, sungura wa sebuleni si mteja wao wa kila siku. Duka la dawa nalo lina mazoea ya kutoa amoksilini au ampisilini kwa kila kitu. Kwa sungura, dawa hizo zikipitia mdomoni huua bakteria wema wa utumbo, wabaya wakachukua nafasi, na mnyama aliyekuwa na kidonda kidogo anakufa kwa kuhara. Andika majina hayo mawili mahali utakapoyaona. Kwa upele na utitiri, ivamektini kwa sindano, kwa kipimo cha uzito alichopimwa kweli, inafanya kazi, lakini achome anayejua.

Dume na jike wakikaa pamoja, mimba ni siku 31 hivi, na jike anaweza kupandwa tena siku hiyo hiyo aliyozaa. Wauzaji hukosea jinsia ya watoto, tena si kwa hila, ni vigumu kweli kuitambua. Sungura hapendi upweke, wawili ni bora kuliko mmoja, ila wawili wasiohasiwa ni shamba la sungura ndani ya mwaka. Kuhasi dume ni upasuaji mdogo kwa mwenye uzoefu wa kumlaza sungura, na mwenye uzoefu huo huenda yuko Arusha, zaidi ya kilomita 200 kutoka Katesh, makao makuu ya Hanang, au hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Jike lisilotolewa kizazi lina hatari kubwa ya saratani ya mji wa mimba likizeeka. Nauli ya safari hiyo iingie kwenye bajeti pamoja na bei ya kununua, na mara nyingi itaizidi.

Majitu hayaishi sana. Sungura wadogo hufika miaka kumi na kuendelea, jitu likitunzwa vizuri ni mitano hadi minane. Mtoto aliyempata akiwa darasa la kwanza atakuwa anaaga shule ya msingi, na kama ataenda sekondari ya bweni, atakayebaki na sungura mzee mwenye nyonga mbovu ni mama. Mama aulizwe basi, kwa uzito kuliko mwingine yeyote, kwa sababu hata mtoto akiwa nyumbani atakayebadilisha beseni ni yeye.

Hukumu yangu ni hii. Kwa nyumba ya Hirbadaw yenye mtu mzima anayeshinda nyumbani, chumba kimoja chenye ubaridi, kichanja cha hei na maji ya karibu, sungura mkubwa anafaa kuliko anavyofaa nyumba nyingi za Dar es Salaam zinazomtamani. Kwa nyumba inayotaka watoto wajifunze kuzalisha na kuuza, hapana: wachukue sungura wa aina ya kati, wawajengee banda nje, na wasiwape majina. Kwa nyumba ambayo baba na bibi bado wanatofautiana juu ya swali la mgeni, jibu ni hapana mpaka wakubaliane.

Na kabla ya kutoa hata shilingi, nenda kwa afisa mifugo wa kata yako umuulize kama amewahi kutibu sungura. Akisema hajawahi, mwombe namba ya mwenzake wa Babati au Arusha aliyewahi, ipige, hakikisha inapokelewa, uiandike ukutani juu ya beseni. Ndipo umtafute muuzaji.